Kiwiko na Kibati Namba Kumi na Nne

Siku yangu ya kwanza kazini sikukabidhiwa kalamu wala meza. Nilikabidhiwa ndoo. Ndani yake mlikuwa na vibati vya shaba vya mviringo, ukubwa wa kizibo cha soda, kila kimoja kimetobolewa juu na kugongwa namba. Msimamizi wa Karakana, mtu mrefu aliyevaa kaptula yenye pasi kali hata msimu wa matope, aliimwaga ndoo hiyo juu ya kaunta ya dirisha la stoo akaniambia nivipange.

"Unaitwa nani, binti?"

"Somoe."

"Somoe, sikiliza vizuri maana sitarudia. Fundi akija dirishani kutaka kifaa, anakupa kibati chenye namba yake. Unampa kifaa, na kibati unakitundika kwenye msumari wa kile kifaa. Kifaa kikitoka, kibati kinabaki. Kifaa kikirudi, kibati kinarudi kwa mwenyewe. Hata nikija mimi bila kibati, nifukuze."

Kesho yake alikuja bila kibati akitaka bisibisi. Nikamfukuza. Alirudi ofisini kwake akicheka peke yake, na mimi nikabaki dirishani nimeshika kaunta kwa mikono miwili, nikingoja kuambiwa nifungashe niende nyumbani. Badala yake alirudi na kibati.

Nayaandika haya kwa sababu ya ninyi vijana mnaonitumia picha kwenye simu. Babu amefariki, boksi limefunguliwa, na picha inaingia: "Bi Stoo, hii ni nini? Inafanya kazi gani?" Nimewajibu mmoja mmoja mpaka macho yamechoka. Basi hapa nitaeleza kwa pamoja, na nitaeleza pia habari ya spana moja niliyomdai fundi mmoja miaka na miaka, na jinsi nilivyolipwa siku tunamzika. Ukizijua hizo habari mbili umeijua kazi yangu yote.

Mimi sikuwa fundi. Sijawahi kufungua injini hata moja. Nilikuwa mtunza stoo ya vifaa vya mkono katika karakana ya magari hapa Nachingwea, na kazi ya mtunza stoo ni kukijua kifaa kwa jina, kwa uzito na kwa tabia, ili fundi aliye chini ya lori na mafuta machoni anyooshe mkono tu. Msimamizi alinifundisha jioni baada ya jioni. Aliniamuru nifumbe macho, ananiwekea chuma mkononi, nakitaja. Nikikosea, ananipa tena kile kile kesho yake bila kunigombeza. Mwalimu wa namna hiyo hasahauliki.

Anzeni na spana, maana ndizo zinazowachanganya zaidi. Katika boksi la kurithi la huku kwetu, aghalabu mtakuta koo tatu zimechanganyika. Zipo za milimita, hizi za magari ya leo, zenye namba kamili: kumi, kumi na tatu, kumi na saba. Zipo za inchi, zenye namba za mafungu: nusu, robo tatu. Kwa hizo koo mbili, namba inapima upana wa kichwa cha nati, kwa hiyo hazina siri. Halafu zipo nyeusi, nzito, zenye herufi W pembeni ya namba. Hizo tuliziita spana za Karanga, kwa kuwa zilikuja na matrekta ya mradi wa karanga uliouzaa mji huu kabla mimi sijazaliwa. Namba ya spana ya Karanga haipimi kichwa cha nati, inapima unene wa mwili wa bolti. Ndiyo maana ukichukua nusu inchi ya Karanga ukaivisha nati ya nusu inchi ya kawaida, inacheza kama kiatu cha baba mguuni mwa mtoto. Ukilazimisha, unazila kona za nati, na nati iliyoliwa kona inataka tindo na dua.

Wengi wenu mmeshafanya kosa hilo. Kijana mmoja wa hapa mjini alikuja kuniambia kwamba spana za babu yake "zimepanuka kwa uzee." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Spana hazipanuki, mwanangu, wewe ndiye umesoma namba ya ukoo mwingine.

Fundi Agostino aliajiriwa baada yangu kidogo. Alikuwa Mmakua aliyevuka Ruvuma na mama yake wakati wa vita kule kwao, wakaweka makazi Mnero karibu na kanisa. Mfupi, mpana, mpole kwa mashine na mkorofi kwa watu. Namba yake ilikuwa kumi na nne. Kiswahili chake kilikuwa kimejaa Kimakua na changu kimejaa Kimwera, tukakutana katikati, kwenye majina ya spana.

Sijui kama wazee wa kale walituwekea utani, Wamwera na watu wa ng'ambo. Sisi wawili tulijiwekea wenyewe, tena siku ya kwanza tu.

"Wee Mmwera, nipe soketi, usilale!"

"Kibati kwanza, mtu wa ng'ambo."

"Nimekisahau kwenye ovaroli nyingine."

"Basi iambie hiyo ovaroli nyingine ikafungue injini."

Akageuka kwa mafundi wenzake akaapa kwamba atanioa ili anikomeshe. Hakunioa. Alimwoa msichana wa Mnero, nami niliolewa na mwalimu wa hapa Nachingwea, na arusi zote mbili tulichangiana mchele. Lakini kila asubuhi ya kazi ilifunguliwa na matusi ya dirishani, na siku ambayo hakunitukana nilijua ana homa.

Baadaye tulihamishiwa Ruangwa wote wawili, kabla haijawa wilaya, kwenye kituo kidogo cha kutengenezea malori ya barabara. Bosi wetu pale alikuwa Fundi Mkuu, mtu wa maneno machache, aliyekagua injini kwa kuweka bisibisi ndefu sikioni na ncha yake kwenye chuma, kama daktari anavyosikiliza kifua. Jaribuni, inafanya kazi mpaka leo, ila ondoeni mikono karibu na feni.

Huko Ruangwa ndiko alikozaliwa Kiwiko. Tulikuwa na lori la Kiingereza la kubeba kokoto, na lori hilo lilikuwa na nati moja nyuma ya bomba la moshi, imejificha kati ya injini na ukuta wa kebini. Kila aliyeigusa alitoka na ngozi pungufu. Spana iliyonyooka haikuifikia, soketi haikupita. Siku moja Agostino akaja dirishani, akatoa kibati bila ubishi, akaomba spana ya ringi ya Karanga, ile ya tatu kwa nane ya inchi. Ringi ni ile inayoizunguka nati pande zote kama pete, haitelezi kirahisi kama ile ya mdomo wazi. Nikampa. Kumbe hakwenda kwenye lori, alikwenda kwa mhunzi nyuma ya soko.

Aliiweka motoni mpaka ikawa nyekundu, akaipinda mara mbili, kisha akaizika kwenye majivu ipoe taratibu. Chuma kile ukikitumbukiza kwenye maji kikiwa chekundu kinakuwa kigumu kama kioo, na kinavunjika kama kioo. Kwa hiyo mkikuta kwenye boksi spana iliyopindwa kiajabu, msidhani imegongwa na gari. Kuna mtu aliipinda kwa makusudi kwa ajili ya nati fulani, na ukiijua nati yake umejua alikuwa akitengeneza nini.

Aliporudi nayo Fundi Mkuu alikuwa amesimama dirishani kwangu.

"Agostino, hii ni nini?"

"Spana, mkuu."

"Hiki ni kiwiko cha mtu. Umeharibu mali ya umma."

"Mkuu, ipeleke kwenye ile nati kwanza, halafu uniandikie barua."

Fundi Mkuu alivua koti, akalala mwenyewe chini ya lori. Tuliona miguu yake tu. Alipotoka alikuwa na nati kiganjani, akaitazama, akaiweka mfukoni. "Somoe," aliniambia, "kitafutie Kiwiko msumari wake." Ndiyo barua aliyoiandika.

Tangu hapo ubishi haukwisha. Mimi nilisema Kiwiko ni cha stoo. Agostino alisema, "Chuma cha stoo, mkunjo wangu." Tuliporudishwa Nachingwea kilirudi nasi, na ubishi ukarudi pia.

Kisha zikaja siku za kupunguza watu na kufunga karakana. Nyingi zilifungwa wakati ule, sina haja ya kumlaumu mtu. Mkaguzi wa Vifaa alifika akiwa na mnyororo na kufuli, akapita ukutani kwangu akihesabu. Misumari yote ilikuwa na vifaa vyake, isipokuwa mmoja wenye kibati. Agostino alikuwa ametumwa Matambarale, lori limekwama huko, na Kiwiko alikuwa nacho.

"Hapa pana nini, mama?"

"Kiwiko. Kiko njiani kinarudi."

Nikamweleza. Akacheka kwa upole. "Spana iliyopinda? Hiyo hata watu wa skrepa hawaitaki. Achana nayo." Akaendelea na msumari uliofuata. Mimi nikakitoa kile kibati ukutani nikakifunga kwenye pindo la kanga.

Agostino alifika nasi tumeshatolewa nje, mnyororo uko getini. Alikuwa na mavumbi ya Matambarale mpaka kwenye kope, na Kiwiko mkononi.

"Nimrudishie nani?" aliniuliza.

"Mimi."

"Wewe si stoo tena."

"Kibati chako ninacho."

"Basi nipe."

"Nipe Kiwiko kwanza."

Tukatazamana. Tukaanza kucheka, halafu kicheko kikageuka, tukalia, watu wazima wawili nje ya geti. Alikwenda zake Mnero na Kiwiko, nami nikaenda nyumbani na kibati. Tungeweza kubadilishana pale pale. Lakini kubadilishana kungekuwa kukubali kwamba kazi imekwisha, na hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza.

Maisha hayakusimama. Nililima korosho na ufuta, nikalea watoto. Agostino akawa fundi wa kujitegemea, na vile vifaa vyake mwenyewe alivyokuwa amejikusanyia vikamlisha yeye na watoto wake wawili, Filomena na Kaetano. Baadaye akamfufulia Filomena mashine ya kusaga yenye injini kuukuu ya Kiingereza iliyokuwa imetupwa. Kila alipokuja Nachingwea sokoni alipita kwangu. "Kibati changu?" anauliza kabla ya salamu. "Spana yangu?" namjibu. Siku zote mimi kibati nilikuwa nimekiweka mahali fulani, na yeye Kiwiko alikuwa amekisahau nyumbani. Anakunywa chai, anaondoka. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliwahi kuniuliza kwa nini tusimalize jambo hilo. Nikamwambia likiisha Agostino atapita kwangu kwa sababu gani?

Nilimpenda kama kaka yangu wa tumbo moja. Nimelisema, na angekuwapo angenicheka.

Mwaka jana aliugua. Nikaenda kumwona Mnero nikiwa na machungwa. Alikuwa amekonda, ile mikono mipana imelala juu ya shuka kama vitu vilivyosahauliwa na mtu.

"Bi Stoo, umekuja na kibati?"

"Nimekuja na machungwa."

"Fundi haendi likizo na kifaa cha stoo. Si ndivyo ulivyokuwa unatuimbia?"

"Hakuna aliyekupa likizo. Lala."

Hakucheka. Alinishika mkono. "Somoe, vibati vyangu vyote ninavyo kwenye pete yake, kimebaki hicho kimoja. Usiniache niende pungufu."

"Nitakuja nacho safari ijayo. Na wewe unitolee Kiwiko. Kiko wapi?"

"Kiko kazini," alisema, akafumba macho. Nikadhani anatania, nikamwekea shuka vizuri.

Safari iliyofuata ilikuwa ya msiba. Filomena alinipigia simu alfajiri, nikafunga kibati kwenye pindo la kanga, nikapanda bodaboda kwenda Mnero. Njia nzima nilikuwa nakipapasa. Kanuni ilikuwa wazi kichwani mwangu: bila kifaa kurudi, kibati hakitoki. Na bila kibati, Agostino angezikwa pungufu, jambo aliloniomba lisitokee.

Nilimkuta amelazwa sebuleni, jeneza bado wazi, watu wanaaga. Nje, karibu na jiko, niliona boksi lake la vifaa limeburutwa mpaka kwenye mchanga. Kaetano, ambaye anaishi Dar, alikuwa ameshapatana na mnunuzi wa skrepa aje jioni alipime kwa kilo, kwa kuwa yeye keshokutwa anarudi. Filomena aliniambia hayo kwa kunong'ona, macho yamevimba. "Anasema hatuvijui ni vya nini, shangazi. Na kweli hatuvijui."

Nikaingia ndani, nikamwangalia rafiki yangu, kisha nikakaa chini katikati ya mlango nikanyoosha miguu.

"Jeneza halifungwi," nikasema. "Namdai marehemu."

Kaetano akanijia, mpole lakini ana haraka. "Unamdai nini, bi mkubwa? Si tutaongea baada ya kuzika, aisee."

"Namdai spana."

Bibi mmoja pembeni akaangua kicheko, na wengine wakafuata, maana walishaelewa. Katekista akakunja kitabu chake. "Kaetano, huyo ni mtani wa baba yako. Mtani hapingwi msibani. Mpeni chake tuendelee."

Boksi likaletwa, likamwagwa kwenye mkeka mbele yangu. Nikaanza kutafuta, na kila nilichokishika nilikitaja kwa sauti, kama zamani dirishani. Ninyi mnaotuma picha, hapa msome polepole.

Kijiti cha mbao chenye vikombe vidogo vya mpira kwenye ncha. "Si hii. Hii ni fimbo ya kusagia valvu. Unabandika mpira kwenye uso wa valvu, unapaka dawa ya chengachenga, unapekecha kwa viganja mpaka valvu na kiti chake vishikamane, moto usivuje."

"Shangazi," Filomena akasema, "sisi tulipekechea mlenda."

Watu wakacheka. Nikamwambia mlenda ule ulikuwa na chuma cha kutosha.

Bati pana lililokunjwa kama kopo lisilo na tako, lina ufunguo ubavuni. Watoto walikuwa wakiliweka juu ya ungo kupimia korosho. "Si hii. Hiki ni kibana ringi. Pistoni ina pete zinazotanuka, haziwezi kuingia kwenye silinda zenyewe. Unazivisha bati hili, unakaza ufunguo, unaisukuma pistoni kwa mpini wa nyundo, nayo inazama."

Mrija wa kioo wenye puto la mpira juu na boya ndani. Walidhani ni wa zahanati. "Haidromita. Inavuta maji ya betri. Boya likielea juu, betri imeshiba. Likizama, ina njaa." Chuma chenye miguu mitatu iliyopinda na skurubu katikati. "Pula. Miguu inakamata gia, skurubu inasukuma shafti, gia inatoka bila kupigwa nyundo. Anayetoa gia kwa nyundo, baba yako alikuwa hampi mkono."

Halafu nikashika ile yenye taya la kupanuka na kubana kwa kuzungusha gurudumu dogo. Nikasita, nikamtazama katekista.

"Na hiyo?" akauliza yeye mwenyewe.

"Hii, Msimamizi wetu alituagiza tuiite spana ya kurekebisha."

"Mafundi je?"

"Mafundi waliiita spana malaya, katekista, kwa kuwa inakubali kila nati."

Alijifunika uso kwa kitabu, mabega yakamtikisika. Agostino angetoa mshahara wa mwezi kuiona sura ile.

Kikafuata kifaa kama kisu cha kukunja, lakini badala ya ubapa mmoja kina majani mengi ya chuma chembamba, kila jani limeandikwa unene wake. "Fila geji," nikasema. "Unachomeka jani kwenye mwanya kati ya valvu na tapeti, kile chuma kinachoisukuma. Likipita kwa kujivutavuta, mwanya uko sawa." Nikataka kuiweka chini, lakini Kaetano alikuwa ameshachuchumaa mbele yangu na mkono umenyooshwa.

"Nipe hiyo," alisema. Akayafungua majani moja moja. "Hii ndiyo alinifundishia kuhesabu. Nilikuwa sijaanza shule. Nilikuwa nadhani ni kitabu." Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akatoka uani na simu sikioni. Sote tulimsikia: "Usije leo. Hapana, wala kesho. Haliuzwi."

Lakini mkeka ulikuwa umekwisha na Kiwiko hakikuwamo. Nikapekua tena. Utani ulikuwa umekwisha pale, sasa ilikuwa kweli. Nilimwambia Filomena natafuta spana nyeusi ya ringi, imepindwa mara mbili.

"Iliyopinda?" akashika kichwa. "Mbona iko kwenye mashine, shangazi! Ndiyo ninayokazia nati ya nyuma ya bomba. Nyingine haifiki."

Kiko kazini. Alikuwa ameniambia ukweli mtupu na mimi nikamwekea shuka.

Dereva wa bodaboda akatumwa mashineni. Jeneza likangoja, katekista akaanzisha wimbo, mimi sikuondoka mlangoni. Aliporudi alikuwa ameshika Kiwiko kwa ncha za vidole, maana kilikuwa na grisi, na juu ya grisi kimeganda unga wa mahindi. Nilikishika nikafumba macho. Uzito ule ule, mikunjo ile ile miwili.

Nikainuka. Filomena alileta pete yenye vibati vya baba yake, nikafungua pindo la kanga na kukivisha cha mwisho. Tukaiweka pete mfukoni mwa koti lake.

"Namba kumi na nne," nikamwambia kwa sauti ya dirishani, "umerudisha. Nenda likizo." Kisha wakanishika mikono wakanitoa.

Sasa nimestaafu kweli. Nimewaza mara nyingi maneno ambayo Msimamizi alipenda kuyasema akipita ukutani kwangu jioni. Akikuta vifaa vyote vimetundikwa safi, hakufurahi. Alisema, "Leo watu hawajafanya kazi." Kwa hiyo ninyi mliorithi maboksi, msiyageuze makumbusho. Spana ya Karanga haina nati katika gari jipya, lakini vijijini humu bado kuna injini zinazoisubiri. Tambueni ukoo wake, futeni kutu kwa dizeli na brashi ya waya, kisha ulizeni nani anaihitaji.

Kiwiko nilikitundika kwenye msumari ukutani kwangu, juu ya kabati la vyombo. Kilikaa pale mpaka matanga yalipokwisha. Halafu asubuhi moja Filomena akapiga hodi, nywele zina unga.

"Shangazi, mashine imelegea nyuma. Watu wamepanga foleni na ndoo zao. Naomba Kiwiko."

"Kibati," nikamwambia.

Nilikuwa namtania tu, mtoto wa watu atoe wapi kibati. Lakini alishaingiza mkono mfukoni. Akanipa washa ya shaba kuukuu ya mashine yake, ile pete bapa inayokaa chini ya nati, ameisugua mpaka inang'aa, na kwa ncha ya msumari ameigongea kumi na nne.

Nikampa Kiwiko. Mpaka leo hajakirudisha, na wakati mwingine watu wangu hapa nyumbani wananiuliza kama sina wasiwasi. Nawaonyesha ukutani. Kibati kipo.